Mbwa kavimba chini ya jicho na mdomo unanuka sana, hii ni shida ya jicho au ya meno?

BabaNeema_Kimara

Habari zenu wadau, naomba msaada kwa wanaojua mbwa vizuri maana nimechanganyikiwa. Nina mbwa anaitwa Jeki, dume, chotara wa jamani shepadi na hawa wetu wa kienyeji, mwezi wa tisa anatimiza miaka saba. Tumemchukua akiwa na wiki nane, binti yangu alikuwa ndo anaanza kutambaa, wamekua pamoja so huyu kwetu sio mbwa wa geti tu.

Shida ilianza kama mwaka hivi, mdomo ukawa unanuka. Tukasema mbwa ndo walivyo, labda kala mzoga huko jalalani. Ila ikafika mahali akija kulala barazani inabidi sisi tuingie ndani. Mwezi wa nne akavimba chini ya jicho la kulia, uvimbe kama nusu ya ndimu. Nikampeleka duka la dawa za mifugo hapa jirani, yule jamaa akasema kang'atwa na nyuki, akamchoma OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya mifugo) akanipa na matone ya jicho. Siku nne uvimbe ukakata kabisa. Wiki tatu baadae ukarudi palepale, akachomwa tena ukaisha tena. Juzi umerudi mara ya tatu na safari hii umepasuka, kuna katundu kadogo kanatoa usaha uliochanganyika na damu, manyoya ya pale yamegandana.

Kitu kingine nimekigundua nikikaa kumwangalia, anatafuna upande mmoja. Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa au utumbo, zamani akimwagiwa anamaliza kabla sijageuka, sa hivi anainamisha kichwa kushoto anatafuna taratibu na mengine yanamdondoka. Mfupa anaubeba, anaulamba, anaenda kuufukia. Jana nikamwinua mdomo nikamulika na tochi ya simu, magego ya juu kulia yamefunikwa na kitu cha kahawia kigumu kama ule ukoko wa chokaa unaoganda ndani ya birika, fizi nyekundu sana na nilipogusa na pamba damu ikatoka hapohapo. Kushoto upo pia ila sio kihivyo.

Sasa hili ni jicho au jino? Na ule ukoko naweza kuukwangua mwenyewe na kitu cha chuma, au nimsugue na magadi? Nyumbani kuna diklofenaki na Panadol, naweza kumpa nusu apumzike na maumivu? Nampenda huyu mbwa jamani, naombeni majibu ya kweli.

Mzee_Kilosa

Pole sana kijana. Sisi huku tumefuga mbwa toka enzi za baba zetu, hakuna mbwa aliyewahi kupigwa mswaki na wanawinda vizuri tu. Mpe mifupa ya ng'ombe ile mikubwa ya paja, aitafune, ukoko wote utatoka wenyewe. Ila huo usaha chini ya jicho mimi sijawahi kuuona, hapo subiri wataalamu.

Nesi_wa_Wanyama

Mkuu pole, na pole zaidi kwa Jeki maana anaumwa muda mrefu. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya mbwa na paka mwaka wa kumi na moja huu, na hii kesi yako tunaiona mara kwa mara. Hilo ni jino. Jicho halina kosa lolote.

Nikueleze. Mbwa mkubwa ana meno 42. Juu, kila upande, kuna jino moja kubwa kuliko mengine yote, lile linalopishana na la chini kama mkasi, ndo analokatia nyama na kuvunjia mifupa. Lina mizizi mitatu na mizizi yake inapanda juu ndani ya mfupa mpaka karibu kabisa na chini ya jicho. Likioza kwenye mzizi usaha unajaa kule ndani, hauna pa kutokea, unatafuta njia kwenye ngozi hapohapo ulipopaonyesha wewe. Ukimchoma antibayotiki wadudu wanapungua, uvimbe unanywea, mnafurahi, ila jino bovu bado lipo kwa hiyo lazima urudi. Utamchoma mpaka lini? Dawa yake ni kuling'oa, au pale penye vifaa wanatibu mzizi, ila hilo la pili kwetu hapa ni gumu kulipata na ni ghali.

Chunguza kitu kimoja, hilo jino halijavunjika? Mwinue mdomo wa juu tu, usimpanue. Mara nyingi kuna kipande kimebanduka ubavuni, kama vile kikombe kinavyomeguka, na katikati unaona kidoa cheusi au chekundu, hapo ndo wadudu waliingilia. Alikuwa anatafuna mawe, mnyororo au nondo za banda?

Kuhusu ukoko, jina lake ni ukoga. Mbwa akishakula, ndani ya masaa tu utando laini wa bakteria unajishika kwenye meno, huo unautoa kwa kusugua. Ukiachwa siku mbili tatu yale madini yaliyo kwenye mate yanauganda unakuwa jiwe, na hilo jino kubwa la juu ndo linaongoza kwa sababu kijishimo cha mate kinafungukia karibu yake. Ukishaganda mswaki hauutoi tena. Halafu unaanza kushuka, unaingia chini ya fizi, fizi inavimba inatoa damu. Mpaka hapo bado inarudi kuwa nzima ikisafishwa vizuri. Ikipita hapo unaliwa mfupa unaoshika jino, na mfupa ukishaliwa haurudi, jino linalegea. Ile harufu mnayoikimbia barazani sio harufu ya mbwa mkuu, ni uozo. Mbwa mwenye mdomo mzima hanuki hivyo.

Usikwangue na chuma. Utachubua jino, na jino lililochubuka linashika ukoga haraka kuliko mwanzo, na unachokwangua ni kile cha juu kinachoonekana wakati kinachomuumiza kiko chini ya fizi. Halafu mbwa mwenye jino bovu akiguswa vibaya anang'ata hata tajiri yake, hana namna. Magadi hapana. Dawa yetu ya meno ya binadamu hapana pia, yeye hatemi, anameza, na ina floraidi na povu, nyingine zina utamu wa zailitoli ambao kwa mbwa unashusha sukari ya damu ghafla na kuua ini.

Diklofenaki USIMPE. Kwa mbwa inachoma tumbo mpaka linatoa damu, na figo zinaenda. Panadol nayo usikadirie mwenyewe, na mwenye paka asithubutu hata robo kidonge. Zipo dawa za maumivu za wanyama kama meloksikamu, daktari anapima kwa kilo.

Kusafisha kwenyewe kunafanywa kwa nusukaputi. Najua wengi mnaogopa hapo lakini hakuna njia nyingine ya kweli, mbwa aliye macho hawezi kukaa unaingiza chuma chini ya fizi. Anayekwambia atakusafishia mbwa bila kumlaza atakutolea ule uchafu wa nje, meno yatang'aa na ugonjwa utabaki. Daktari mzuri atapima damu kwanza aone ini na figo, atakuambia asile toka usiku, ataweka mrija kwenye koo ili maji machafu yasiingie mapafuni, na akimaliza kusafisha anang'arisha meno. Uliza hayo yote kabla hujalipa.

Mzee wangu wa Kilosa shikamoo, hilo la mifupa naomba nikupinge kwa heshima. Kweli ukitafuna unasugua jino, lakini mfupa wa paja la ng'ombe ni mgumu mno kwa meno yake, na ndo moja ya vitu vinavyopasua hilo jino ninalolisema. Ule uliopikwa ni mbaya zaidi, unavunjika vipande vyenye ncha.

Na hili nalisema kwa wote mnaosoma. Ukiona mbwa taya limelegea, mate yanamtoka, hawezi kumeza, sauti imebadilika, usiingize mkono mdomoni ukidhani kakwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa kinaweza kuja na sura hiyohiyo. Kama hajachanjwa, au hujui historia yake, mfungie mbali na watoto na uite daktari wa mifugo. Na ukiwa umeshashika mate yake kwenye kidonda osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo.

BabaNeema_Kimara

Daah. Nesi asante sana. Nimetoka kumwangalia sasa hivi, mke wangu kashika tochi, ni kweli kabisa, jino limemeguka ubavuni, kipande kama ukucha wa kidole kidogo hakipo na katikati kuna kidoa cheusi. Na mnyororo alikuwa anautafuna, miaka miwili ya mwanzo tulikuwa tunamfunga mchana, nilikuwa nasikia anavyousaga nikiwa ndani sikuwaza kabisa. Chanjo ya kichaa anapata kila mwaka, kadi ninayo. Kesho natafuta kliniki.

Bi_Mwana_Ngambo

Assalaam alaykum. Mie ni wa Unguja, sina mbwa, nna paka, lakini hapo penye Panadol pamenigusa sikuweza kupita.

Jirani yangu paka wake alikuwa anatoka udenda, hali, akaona ana homa akampa nusu kidonge cha Panadol kwenye maziwa. Kwa mapenzi tu, hakukusudia. Nilikwenda pale alaasiri, fizi za yule paka zilikuwa rangi ya udongo, si nyekundu si nyeupe, uso umemvimba, anahema kwa tabu. Alfajiri hakuwa hai. Daktari akatueleza kuwa mwili wa paka hauna njia ya kuivunja ile dawa, damu inashindwa kubeba hewa. Naomba mtu akisoma hapa akamwambie na mwengine.

Paka wangu mwenyewe, Kinyonga, aliugua mdomo mwaka juzi. Alikuwa anakwenda kwenye sahani ana njaa kweli, akitia ulimi tu anaruka nyuma anaifokea sahani, kisha anajipiga mdomo kwa mkono. Nywele zikawa chafu, maana hajirambi tena, na paka asiyejiramba ujue ana jambo kubwa. Nilipomfunua kooni nyuma kule kote kulikuwa kwekundu kama komamanga lililopasuliwa. Daktari akasema ni uvimbe wa fizi na koo ambao mwili wenyewe unaupiga vita ule utando wa kwenye meno, na mara nyingi una uhusiano na virusi vya mafua ya paka. Tukajaribu sindano, anapata nafuu wiki tatu, anarudi palepale kama Jeki. Mwisho akasema tuyang'oe magego yote. Nililia wallahi, nikasema paka bila meno ataishi vipi. Basi yakatolewa, na baada ya mwezi akawa anakula changu niliyemchambua mwiba mpaka anasukuma sahani ukutani. Zile chonge nne anazo bado. Si kila paka anapona hivyo lakini wengi wanapata nafuu, aliniambia, na kwa wangu ilikuwa kweli.

Kwa hiyo baba Neema usihuzunike kwa kung'olewa jino moja. Maumivu yakiondoka utamuona mnyama mwengine.

Spitz_wa_Thika

Niko Kenya, wacha niongeze upande wa kuzuia kwa sababu hapo ndio mimi niliumia mfuko. Nina Japanese Spitz wawili, na hawa mbwa wadogo meno yao yamebanana kwa hivyo wanaharibika mapema sana. Yule wa kwanza chonge zake za utotoni hazikung'oka, kwa hivyo akawa na chonge mbili mbili zimesimama pamoja, chakula kinakwama katikati, na mimi sikujua kuwa hiyo ni shida mpaka ana miaka mitatu fizi zimeoza. Mwenye mtoto wa mbwa, akifika miezi sita au saba hebu mwangalie, meno ya utotoni yanafaa yawe yameng'oka yote. Kama kuna lililobaki litolewe.

Wa pili nilianza naye mapema na leo ana miaka mitano, daktari akimwona anashangaa. Sikuanza na mswaki. Wiki ya kwanza ilikuwa kumwinua mdomo tu nikiwa nimekaa naye jioni, namwinua, nampa kipande cha kuku, basi. Wiki ya pili kidole kimechovywa kwa supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu, napitisha juu ya meno ya mbele halafu pole pole nyuma. Halafu nikazungusha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa kidole. Mswaki ulikuja mwezi wa pili, ule laini wa watoto wachanga, na pasti ya mbwa yenye ladha ya nyama. Pasti ni ghali na si lazima, kinachofanya kazi ni kule kusugua, hata maji matupu yanasaidia. Mswaki unauinamisha kidogo kuelekea pale jino linapokutana na fizi. Ndani kwa upande wa ulimi usihangaike sana, ulimi unasaidia, sugua nje, na usikose lile kubwa la juu. Mdomo wake sifungui kabisa, napitisha mswaki chini ya shavu. Sekunde thelathini kila upande. Kila siku kama unaweza, kwa sababu kama Nesi alivyosema utando unakuwa jiwe kwa siku mbili tatu, ukisugua Jumapili kwa Jumapili unasugua jiwe.

Akikataa siku hiyo namwacha. Ukimshika kwa nguvu mara moja umepoteza mwezi mzima wa kazi.

Na vitu vya kutafuna, bonyeza na ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi alama kabisa, ni kigumu mno kwa meno yake. Kwa vile vya dukani tafuta alama ya VOHC, hilo ni baraza la Marekani linaloangalia kama bidhaa kweli inapunguza ukoga.

Mtoto_wa_Meru

Naomba kuuliza hapohapo, sisi Arusha maji yetu yana floraidi nyingi watu wana meno ya kahawia toka utotoni. Mbwa wangu ana meno ya njano njano, nitajuaje kama ni maji au ni ukoga?

Nesi_wa_Wanyama

Pitisha kidole Mtoto wa Meru. Ukoga una unene, unaanzia kwenye fizi unashuka, na unakuwa mwingi nyuma kuliko mbele. Rangi iliyo ndani ya jino lenyewe haina unene, ni laini. Kuna watoto wa mbwa waliochomwa sana OTC wakiwa wadogo, meno ya ukubwani yanatoka na unjano kwa sababu ile dawa inaingia kwenye jino linapoumbika, na waliougua distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) utotoni meno yanatoka na vishimo. Hao hawaumwi kwa rangi tu, ila yenye vishimo yanashika uchafu haraka, yapigwe mswaki zaidi.

Na mkishazoea kuinua mdomo angalieni fizi zenyewe. Bonyeza kwa kidole ipauke, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kama fizi ni nyeupe nyeupe usiwaze meno, waza kupe na minyoo, nenda kapime damu. Fizi nyeusi nyeusi toka kuzaliwa ni rangi yake tu.

Bi Mwana asante kwa kuliandika lile la jirani.

BabaNeema_Kimara

Wadau narudisha majibu, wiki tatu zimepita.

Jeki kafanyiwa Jumamosi ya wiki juzi. Kliniki ya kwanza walitaka kumchoma sindano tena bila hata kumfunua mdomo, nikawaambia naomba mumwangalie jino kwanza, wakasema hawana vifaa, nikaondoka. Ya pili daktari ni dada kijana, alivyomwinua mdomo tu akasema hili. Akapima damu, figo ziko sawa. Kalala kama masaa mawili. Lile jino halikutoka zima, kalikata vipande vitatu kila mzizi peke yake, kanionyesha kwenye sahani, mzizi mmoja ulikuwa mweusi nchani na ule uozo wake ulijaza chumba. La chini mbele nalo lilikuwa limelegea likatolewa. Mengine yamesafishwa, na upande wa kushoto ambao nilisema sio kihivyo, chini ya ukoga fizi zilikuwa zimeshaanza kuachana na jino.

Siku ya tatu katundu ka chini ya jicho kakaziba. Siku ya sita saa kumi na mbili asubuhi nikasikia kelele nje, nikatoka, Jeki kakamata kindala cha binti yangu anakimbia nacho uwanja mzima. Hajafanya hivyo zaidi ya mwaka. Mimi nilidhani ni uzee, nilikuwa namwambia mama Neema mzee wetu kachoka. Kumbe alikuwa anaumwa jino mwaka mzima na anakuja kunipokea getini kila jioni.

Harufu haipo. Mnyororo nimeutupa, na Neema ndo kapewa kazi ya kumwinua mdomo jioni na kumpa dagaa moja, mimi nakaa pembeni. Nesi swali la mwisho, mswaki naanza lini?

Nesi_wa_Wanyama

Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu hapa kazini. Upande wa kushoto unaweza kuanza leo na gozi. Kulia subiri daktari aone kidonda kimefunga, kwa kawaida wiki mbili zinatosha ila usiguse mpaka aseme yeye. Nyuzi za mdomoni zinayeyuka zenyewe usizivute. Ugali mlainishie, na hicho kindala mnyang'anyeni kwanza, asivute kitu kwa meno mpaka kidonda kifunge vizuri.